Mzee wangu amekuwa mkimya tangu tuje kwenye umisheni, je ni uzee, wito umeisha, au ndio ugonjwa wa kusahau?

"Daktari, mimi nina miaka 66 na mume wangu 71, alikuwa mwalimu mkuu akastaafu. Tupo nje ya nchi kwa umisheni huu mwezi wa tisa, tumebakiza mwaka na kidogo. Mimi lugha ya huku nimeanza kuichangamkia lakini mzee haimwingii kabisa, anasema watu wa huku wanamung'unya maneno. Kwenye vikao anatikisa kichwa tu, juzi kumbe alikubali kuhubiri na hakujua kama amekubali. Tukirudi nyumbani amechoka, anafoka kwa vitu vidogo, usiku anaota ndoto za ajabu. Wajukuu wakipiga simu ananipa mimi niongee. Ana kisukari, anatumia metformin miaka mingi, na kidonge cha presha kile cha kukojoza, halafu sote wawili tunameza dawa ya kukinga malaria ya mara moja kwa wiki. Wenzetu wanasema ni uzee, mmoja akaniambia labda wito umemwishia. Mimi naogopa ugonjwa wa kusahau umeanza. Je tuombe kurudi?"

Shikamoo mama, na pole sana. Umefanya vizuri kuandika na vile vitu vidogo vidogo, simu za wajukuu, vidonge, hilo la kuhubiri, manake wengi huwa wananiandikia tu "mzee amebadilika" halafu naanza kubahatisha.

Nilivyokuelewa ni hivi: mtu aliyezoea kusimama mbele za watu akaongea, leo amekuwa wa kukaa pembeni, na kila anayewazunguka ameshalipa tatizo jina. Mmoja uzee, mwingine wito, na wewe moyoni ugonjwa wa kusahau. Kazi yangu ni magonjwa ya wazee, na watumishi wa umri wenu nawaona wakienda na wakirudi, ila mzee wako sijamwona na siwezi kumpa ugonjwa kwa maandishi. Lakini mngeingia ofisini kwangu leo ningeanza na masikio yake, kabla sijagusa kitu kingine chochote.

Najua utaniambia "mbona mimi ananisikia vizuri tu". Sawa, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Usikivu wa uzeeni haupotei kama mtu anayepunguza sauti ya redio. Ndani ya sikio kuna sehemu iliyojisokota kama konokono, imejaa seli zenye vinyweleo, na seli hizo kwa binadamu zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa kwa kawaida ni zile za sauti nyembamba za juu. Sauti nene zinabaki. Sasa kwenye maneno ya watu, a, e, i, o, u zinakaa chini kwenye sauti nene, ila s, sh, f, t, k zinakaa juu juu na ni hafifu. Kwahiyo mzee anasikia kabisa kwamba mtu anaongea, anasikia mpaka lafudhi, lakini kinachomfikia ni kitu kama hiki:

_u_a_u_ana _e_o _aa _a_u _ani_ani.

Wewe ukikaa nayo kidogo utaing'amua: "tutakutana kesho saa tatu kanisani". Umeweza kwa sababu Kiswahili umekiongea miaka sitini na kichwa chako kinajua nini huwa kinafuata nini, kinajaza mapengo bila hata kukuambia. Ndicho anachofanya mzee ukiongea nae, tena anaujua uso wako na mambo yako na saa ngapi huwa unauliza nini. Haya, sasa mpe mapengo yaleyale kwenye lugha aliyoanza kuisikia miezi tisa iliyopita, ajazie na nini? Hana akiba. Anasikia kelele zenye lafudhi, anahitimisha kwamba watu wa huku wanamung'unya. Mtu wa miaka 70 akiniambia watu wanamung'unya huwa nachukua kile kitaa cha kuangalia sikio kabla hajamaliza sentensi.

Na sio yeye peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa usikivu unaowasumbua kwenye maisha. Wengi wanaishi nao nyumbani miaka na miaka bila kujua kwasababu nyumbani kila kitu kinajulikana, kisha wanahamia nchi ya watu ndio unawatokea hadharani. Kwahiyo inawezekana kabisa tatizo la mzee halikuanzia huko, mmesafiri nalo.

Ukiangalia kwa jicho hilo yale mengine uliyoandika yanaanza kukaa pamoja. Kutikisa kichwa, mtu akishauliza "umesemaje?" mara tatu anaona aibu, anaitikia tu yaishe, ndio hapo anajikuta amekubali mahubiri. Uchovu na kufoka jioni, kusikiliza kwa kubahatisha neno kwa neno kutwa nzima kunamaliza nguvu kweli, ubongo unatumia kwenye kusikia ile nguvu ambayo ungetumia kuelewa na kukumbuka, ndio maana pia anaonekana "anasahau" alichoambiwa kikaoni, wakati hakikuingia tangu mwanzo. Halafu wajukuu, mama hapa naomba usome polepole. Sauti za watoto ni nyembamba, ziko palepale alipopungukiwa, na simu ya kawaida inapitisha sauti kama za 300 hadi 3400 Hz tu, yaani ile s na f nyingi zinakatwa kabla hazijafika sikioni, hata kwa mtu mwenye masikio mazima. Anayekukabidhi simu inawezekana sana hajawachoka wajukuu, anaepuka kumuuliza mtoto wa miaka mitano "umesemaje?" mara tano. Wapigieni kwa video, avae hedifoni zinazofunika masikio yote mawili, na kama programu mnayotumia inaweza kuandika maneno chini ya picha basi muiwashe. Hilo mnaweza kulijaribu leo leo bila daktari yeyote.

Kuna hili la "mzee hawezi kujifunza lugha", silikubali hivyo lilivyo. Kweli kasi inapungua, kukumbuka neno ulilolisikia mara moja kunakuwa kazi, na lafudhi ya wenyeji karibu hakuna anayeipata ukubwani, hata wa miaka 30. Ila kupata maneno mapya na kuyatumia kunawezekana mpaka uzeeni, mzee ana faida ya kuwa na mambo mengi kichwani ya kuyaning'inizia. Tatizo ni njia. Wewe umejifunza ukiwa na kitu mkononi, unanunua, unapika na mtu, unaonyesha kidole, unaona mdomo wa mwenzio kwa karibu. Yeye amewekwa kwenye vikao, ukumbi una mwangwi, feni inazunguka, watu wanne wanaongea kwa pamoja. Hapo hata mwanafunzi wa miaka 20 angetoka jasho. Mzee wa aina yake aanzie kwenye maandishi, asome neno kwanza ndio alisikie, apate mtu mmoja wa kuongea nae uso kwa uso kwenye chumba kimya, nusu saa tu kila siku, na maneno ya jana yarudiwe leo, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kurudia kwa kuachanisha siku hivyo kunashinda kukaa kikao cha masaa matatu, hilo limejulikana tangu majaribio ya Ebbinghaus mwaka 1885 na halijawahi kupinduliwa.

Sasa vidonge, na hapa nitakaa kidogo manake ndipo naona kitu kinachoweza kurekebishwa haraka. Nenda kachukue pakiti ya hiyo dawa ya malaria ya kila wiki usome jina, dawa za namna hiyo ni zaidi ya moja. Kama imeandikwa mefloquine, basi ndoto za ajabu, wasiwasi, huzuni, hasira, kizunguzungu na milio masikioni vyote ni madhara yake yanayojulikana, mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa onyo kali kabisa la kwenye kisanduku kwa sababu hizo, na kwa watu wachache kizunguzungu na milio hiyo imeendelea hata baada ya kuacha. Mara nyingi madhara yanajitokeza kwenye dozi za mwanzo mwanzo kwahiyo jaribu kukumbuka ndoto zilianza lini. Wewe unaweza kuimeza bila shida yoyote na yeye ikamvuruga, hilo lisikushangaze. Ila tafadhali ASIACHE tu. Malaria kwa mtu wa umri huo asiye na kinga ya malaria mwilini inaua haraka kuliko kwa kijana. Anabadilishiwa, haachi. Zipo za kila siku, atovaquone na proguanil kwenye kidonge kimoja, au doxycycline, na ipi inamfaa inategemea figo zake, dawa zake nyingine na kama anashinda juani, ni mazungumzo ya nusu saa na daktari. Na mefloquine inakaa mwilini wiki nyingi, kwahiyo hata akibadilisha usitegemee ndoto ziishe kesho yake.

Metformin ya miaka mingi inapunguza vitamini B12, na B12 ikishuka mtu anapata ganzi miguuni, uchovu, kusahau na kukosa raha. Kidonge cha kukojoza nacho, hasa kama mko kwenye joto, anatoka jasho na anakunywa maji mengi matupu, kinaweza kushusha chumvi ya damu, ile sodiamu, na mzee mwenye sodiamu ya chini anakuwa mzito, anachanganyikiwa, anayumba, watu wanasema uzee umemwingia. Vyote viwili ni kipimo cha damu cha kawaida. Ningeongeza figo, wingi wa damu, na tezi ya shingo. Asiongeze chumvi kwenye chakula kwa kusoma hapa, ana presha, apimwe kwanza.

Je ugonjwa wa kusahau unawezekana? Ndio, siwezi kukuficha. Na ni kweli kuhama kunaweza kuufichua, manake nyumbani mtu anaendeshwa na mazoea, ukimtoa kwenye mazoea ndio mapengo yanaonekana. Lakini pima kwa vitu alivyovijua zamani, usipime kwa vipya. Kupotea kwenye mji mpya, kusahau jina gumu la mchungaji mwenyeji, kutoelewa basi gani linaenda wapi, hayo ni ya ugeni. Kinachonishtua mimi ni kushindwa kupanga vidonge vyake mwenyewe alivyopanga miaka yote, kurudia swali lilelile kwa Kiswahili ndani ya saa moja na wewe ulishamjibu na alikusikia, kuvurugikiwa na hesabu za pesa ambazo zamani alizifanya kwa kichwa, kuweka vitu mahali pa ajabu halafu kukushtaki wewe umeiba. Kwenye barua yako sijaona hata kimoja. Kama vipo na hukuviandika, mwambie daktari.

Na kama atapimwa kumbukumbu, simama imara kwa mambo mawili: apimwe kwa lugha yake, na awe anasikia maswali. Vile vipimo vya kuuliza tarehe, kurudia maneno matano, kuhesabu kwa kurudi nyuma, ukimfanyia mzee asiyesikia vizuri kwa lugha ya kigeni atafeli hata kama akili yake ni nzima kabisa, na ile karatasi itamfuata. Siku hizi daktari wa nyumbani anaweza kumpima kwa video, sio bora kama kukaa nae lakini ni bora mara kumi kuliko kupimwa kwa lugha ya watu.

Watu watakuambia kifaa cha masikio, kile cha kukuza sauti, kinazuia ugonjwa wa kusahau. Nikupe ukweli ulivyo. Upungufu wa usikivu umo kwenye orodha ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huo ambayo yanaweza kushughulikiwa, orodha ya wataalamu wa jarida la Lancet ya 2024. Ila utafiti mkubwa uliotoka 2023, wa watu karibu elfu moja wa miaka 70 hadi 84, ulikuta kwa ujumla wao vifaa havikubadilisha kasi ya kupungua akili ndani ya miaka mitatu, nafuu ikaonekana kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi tangu mwanzo. Kwahiyo usimvalishe kwa kuogopa ugonjwa wa kesho, avae kwa sababu anateseka leo. Tena kifaa si kama miwani kwamba unavaa unaona. Kinachukua wiki kadhaa kuzoeleka, mwanzoni kila kijiko kikigonga sahani kinampigia kelele, na kwenye ukumbi wa mwangwi kinakuza mwangwi pia. Wengi wanakitupa droo ndani ya wiki ya kwanza, wanasema kibovu. Kama mko kwenye joto na unyevu kiwe kinalala kwenye kikopo chenye vile vipakiti vya kukausha, jasho linaviua.

Kabla ya yote hayo lakini aangaliwe nta. Sikio lililoziba nta linaongeza tatizo juu ya tatizo, na kulisafisha ni kazi ya dakika chache kwa mtu anayejua. Pamba za vijiti aache, zinasukuma nta ndani.

Nyumbani kwenu sasa. Utanisamehe nikisema hili, nadhani bila kukusudia umekuwa mdomo wake. Wageni wakimuuliza kitu unajibu wewe, kwa sababu ni haraka na kwa huruma. Kwa mtu aliyekuwa mwalimu mkuu, kila jibu lako linamwambia kwamba ameshashushwa. Acha pengo. Akikutazama, rudia swali kwa Kiswahili polepole ukiwa mbele ya uso wake, usipige kelele manake kelele inaongeza zile sauti nene ambazo tayari anazisikia, halafu umwache ajibu mwenyewe, hata vibaya. Zima redio kabla ya kuongea. Usiongee ukiwa chumba kingine. Kanisani akae mbele, na kwenye vikao akae mgongo ukutani. Na muombe viongozi wampe kazi moja inayotumia alichonacho, kusimamia hesabu, kufundisha vijana wawili watatu kwa lugha anayoiweza, kitu cha mikono, badala ya vikao sita. Kukaa pamoja saa 24 nako kunachosha hata wapendanao, zamani kila mmoja alikuwa na kazi yake na marafiki zake, kwahiyo kila mmoja awe na masaa yake bila mwenzie, na wewe usione hatia kwa kufurahia ya kwako.

Kuhusu wito, hilo ni lenu na mchungaji wenu, mimi sina kipimo chake. Ninachoomba ni msilijadili mpaka masikio, damu na dawa viwe vimeangaliwa.

Je mrudi? Naziona njia tatu. Kubaki na kutengeneza, hiyo ndio ningeanza nayo kama mlipo kuna daktari wa masikio na maabara ya kuaminika, mpeane kama miezi mitatu baada ya dawa kubadilishwa na masikio kushughulikiwa. Kwenda nyumbani kwa wiki chache kupimwa na kurudi, hiyo inafaa kama mlipo huduma ni ya mbali, na ina uzuri kwamba kifaa kitarekebishwa na mtu anayeongea lugha yenu, ila nauli na uchovu wa safari mtavihisi. Ya tatu kufunga kabisa, na hiyo sio aibu, kama kumbukumbu kweli inaporomoka au sonona ni nzito, bora mrudi mapema mkiwa na nguvu ya kupanga. Wengi wanaificha ofisi iliyowatuma wakiogopa kurudishwa, halafu ikifika dharura hata bima inauliza mbona hamkusema. Waambieni mapema, kwa maandishi, mkiomba vipimo, bila kuomba kurudi.

Yapo ambayo hayangoji miadi. Sikio moja kuziba ghafla ndani ya siku moja mbili bila mafua ni dharura, kuna dawa inayofanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya siku chache, ikipita wiki mbili nafasi inapungua sana. Kuchanganyikiwa kulikoanza leo au jana, huo sio ugonjwa wa kusahau, wenyewe unaingia polepole, hiyo ni maambukizi, sukari, sodiamu, kiharusi au malaria mpaka ithibitishwe vingine. Homa yoyote mkiwa eneo la malaria, au ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka, apimwe siku hiyohiyo hata kama hajakosa dozi. Uso kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama, nendeni mbio. Na muulize waziwazi, "baba, umewahi kuona bora usingekuwepo?", kuuliza hakumpandikizii wazo, na wanaume wa umri wake ndio huwa hawasemi mpaka waulizwe. Akijibu ndio, usimwache peke yake na mpate msaada siku hiyo.

Jinsi ya kumwambia, usianze na "husikii", atakataa, wote wanakataa. Mwambie mnaenda kupima masikio wote wawili, wewe na miaka yako 66 unahitaji pia, uingie wewe kwanza kwenye kile chumba cha kupimia. Bebeni pakiti zote za dawa, sio majina ya kukumbuka, pamoja na majibu ya vipimo vya mwisho vya nyumbani kama mnayo, na umwambie daktari kabla hajaanza kwamba aongee akimtazama mzee usoni.